Tufe la boling kwa wanaoanza

Tufe la boling ni chombo cha mviringo, kigumu na kizito, ambacho mchezaji wa boling hukiviringisha ili kuangusha pini 10 zilizosimamishwa mwishoni mwa njia ya kuchezea. Kijana anayenunua tufe lake la kwanza huangalia mambo matatu: jinsi matundu yanavyolingana na mkono wake, uzito wa tufe, na ganda lake la nje. La kwanza ndilo muhimu zaidi, kwa kuwa tufe lisilolingana na mkono linaweza kuumiza gumba na kifundo cha mkono hata likiwa jepesi na la bei kubwa.

Vipimo

Nchini Marekani kanuni za mchezo huu hutolewa na chama cha United States Bowling Congress (USBC), kilichoundwa mwaka 2005. Kipenyo cha tufe huwa kati ya inchi 8.500 na 8.595 (takriban sentimita 21.6 hadi 21.8). Uzito hauruhusiwi kuzidi ratili 16 (kilogramu 7.26), lakini hakuna uzito wa chini uliowekwa. Kwa hiyo tufe la mtoto na la mtu mzima hukaribiana kwa ukubwa. Tofauti iko katika uzito. Kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya kwanza ni futi 60 (mita 18.29).

Matufe ya ukumbini

Wanaoanza wengi hutumia matufe ya ukumbi, yaliyotobolewa ili yatumiwe na watu wengi. Matufe mepesi kwa kawaida huwa na matundu membamba yaliyo karibukaribu, maana yamekusudiwa watoto wadogo. Hapo kijana aliyerefuka haraka hupata shida: vidole vyake ni vinene kama vya mtu mzima, lakini mabega yake hayajapata nguvu za mtu mzima. Akitafuta tundu linaloingia gumba lake, hujikuta ameshika tufe zito kupita uwezo wake. Akichukua jepesi, gumba hukwama. Tufe lililotobolewa kwa ajili yake huondoa tatizo hilo, kwa sababu uzito huchaguliwa peke yake na matundu hupimwa peke yake.

Kulingana na mkono

Tufe la kawaida lina matundu matatu: la gumba, la kidole cha kati na la kidole cha pete. Kwa mshiko wa kawaida, ambao ndio hupendekezwa kwa wanaoanza, vidole viwili huingia hadi kiungo cha pili. Katika mshiko wa ncha za vidole huingia hadi kiungo cha kwanza tu. Mshiko huu husaidia kulizungusha tufe zaidi, lakini hudai mazoezi.

Kupima umbali wa matundu katika mshiko wa kawaida, gumba huingizwa lote, kisha vidole hulazwa juu ya tufe bila kunyooshwa kwa nguvu. Mkunjo wa kiungo cha pili unapaswa kupita kidogo ukingo wa tundu ulio karibu na kiganja, takriban milimita 6. Gumba linapaswa kugusa kuta za tundu pande zote na bado kutoka bila kuvutwa. Tundu likiwa pana, mchezaji hulibana tufe lisimdondoke, na kubana huko huchosha mkono. Likiwa jembamba, gumba huchelewa kutoka. Malengelenge, sugu zinazoongezeka na maumivu chini ya gumba ni dalili kwamba vipimo vina kasoro.

Mkono wa kijana bado unakua, hivyo vipimo hukaguliwa tena mara kwa mara. Mkono ukibadilika, si lazima kununua tufe jipya. Fundi anaweza kujaza matundu ya zamani kwa resini ya maji inayoganda, kisha akatoboa upya.

Uzito

Kanuni ya mazoea husema tufe liwe takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili, bila kuzidi ratili 16. Kijana wa kilogramu 50 angeanzia karibu na kilogramu 5, yaani ratili 11. Hiki ni kianzio tu, kwa kuwa vijana wawili wenye uzito sawa huweza kutofautiana sana kwa nguvu. Tufe zito halipotoshwi sana na pini linapozigonga, lakini faida hiyo hupotea mchezaji asipoweza kulirusha vizuri. Bega likishuka, mwendo ukipungua, au tufe likidondoka kabla ya mkono kufika mbele, uzito umezidi.

Ganda la nje

Matufe ya zamani yalichongwa kwa mbao ngumu. Mwanzoni mwa karne ya 20 yakaja ya mpira mgumu, kisha ya plastiki aina ya poliesta, ya urethani katika miaka ya 1980, na ya resini tendaji katika miaka ya 1990.

Sehemu kubwa ya mwanzo wa njia hupakwa mafuta. Ganda la poliesta lina msuguano mdogo, hivyo tufe huenda karibu moja kwa moja. Resini tendaji hushika njia pale mafuta yanapoishia na kulifanya tufe lipinde kwa ukali. Kupinda husaidia kuangusha pini zote kwa mrusho mmoja, lakini kwa anayeanza huficha makosa ya mkono. Kwa hiyo poliesta, ambayo pia ni ya bei nafuu, hufaa kwanza. Haitupwi baadaye: hata mabingwa huitumia kupiga pini zilizobaki baada ya mrusho wa kwanza.

Mtindo wa mikono miwili

Vijana wengi leo hurusha kwa mikono miwili bila kuingiza gumba, mtindo uliopata umaarufu kupitia Jason Belmonte wa Australia. Tangu Agosti 2020 kanuni za USBC hudai kila tundu la kushikia litumike katika mrusho. Kwa sababu hiyo, anayecheza hivyo hutobolewa matundu mawili tu, na fundi huelezwa mtindo wake kabla ya kuanza kazi.

Utunzaji

Tufe hufutwa mafuta kwa kitambaa kikavu wakati wa mchezo. Halipaswi kuachwa ndani ya gari lililopigwa na jua, kwani mabadiliko makubwa ya joto huweza kulipasua. Kemikali za kulainisha ganda haziruhusiwi. Mwaka 1973 Mmarekani Don McCune alipata mafanikio makubwa kwa matufe yaliyolowekwa katika kemikali, jambo ambalo wakati huo halikukatazwa. Baada ya hapo kikawekwa kipimo cha chini cha ugumu wa ganda.