Ngozi ya Kuwamba

Tarehe 27 Februari, Songea inapowakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa mwaka 1906, mvua huwa hazijaisha. Wapiga ngoma ya lizombe huzipeleka ngoma motoni kwanza, maana unyevu umelegeza ngozi na sauti imekufa. Ikipata joto hukaza, ikalia. Anayelijua hilo ameshaijua nusu ya elimu ya kuhifadhi ngao ya Wangoni wa huko.

Ngao ile, kama ngoma, ni ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa tu, haikusindikwa. Kusindika, kwa magome ya miti au kwa chumvi za kromiamu, hufunganisha nyuzi za protini iitwayo kolajeni hata maji yasizitenganishe. Ndiyo maana kiatu kikilowa hukauka kikabaki kiatu. Ngozi isiyosindikwa hunywa unyevu ikavimba, ikikauka husinyaa. Ikilowa kisha ikapata joto la nyuzi 60 hivi, hujikunja na kuanza safari ya kuwa gundi. Gundi ya maseremala wa zamani ilipikwa kwa ngozi.

Wahifadhi wa makumbusho wana jina mahususi la ngozi hiyo. Sisi kwa Kiswahili tuiiteje? "Ngozi mbichi" kwetu ni ile iliyotoka machinjioni sasa hivi, ina damu. "Ngozi ghafi" ni neno la biashara, la mali inayosubiri kiwanda, na fundi wa ngao alishamaliza kazi yake. "Ngozi kavu" haibagui. Hata mkoba ni mkavu.

Nachagua "ngozi ya kuwamba". Mwamba ngoma huvutia kwake, na ngozi aliyoivuta hukauka na mvuto ule ungali ndani yake. Hapo ndipo neno linapomsaidia mhifadhi. Ngao ina ufito mgongoni, uliopenyezwa kwenye mikato ya ngozi. Kiangazi ngozi husinyaa, ufito haufuati, na mpasuko huanzia kwenye mkato. Mvua zikirudi hulegea, kisha mvutano huanza upya. Ngoma ina mtu wa kuipeleka motoni. Ngao ya kale haina, wala moto hauifai. Inataka hewa tulivu, yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Ukizidi 65, ukungu huanza kuota.

Mabuu walao ngozi na manyoya huuawa kwa baridi: ngao hufungwa vizuri kwenye plastiki, ikakaa wiki moja au mbili kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Makumbusho ya zamani yalipaka aseniki, kwa hiyo kifaa kilichotoka huko kisishikwe bila glavu.

Linaloniuma zaidi ni uharibifu wa wenye nia njema. Mmoja hupaka mafuta ili ngozi "ilainike". Mafuta hunasa vumbi, yakachacha. Mwingine hufuta kwa kitambaa kilicholowa. Kadi ya kifaa iliyoandikwa "ngozi" tu haiwezi kumzuia yeyote kati yao. Iandikwe "ngozi ya kuwamba", kwenye ngao, kwenye ngoma, na kwenye vitanda vya kale vilivyowambwa kwa vipande vya ngozi.