Kaseti za bibi na mama zetu

Shoga zetu, juzi tulikuwa tunapanga kabati la marehemu bibi, tukakuta bati la biskuti. Kama mjuavyo mabati hayo, tulitegemea nyuzi na sindano. Kumbe zimo kaseti kumi na nne, baadhi zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu: "ya Maskati", "ya harusi", na moja "asiguse mtu".

Kabla ya kaseti, nyimbo zilikuja zimeshafungwa. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri, na sauti yake ikaenea pwani nzima. Lakini mwenye santuri alisikiliza kilichomo tu, na mwenye redio alisubiri apangiwe. Kaseti, iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ilikuja na kitufe cha kurikodia, na kitufe hicho kikaingia mikononi mwa wanawake waliokuwa nyumbani.

Redio kaseti ya kwetu ililetwa na jamaa wa Omani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 watu wengi walihama visiwani, na kuanzia 1970 wenye asili ya huko walizidi kurudi Maskati. Zawadi zikaja na wanaokuja, na kaseti tupu pia.

Ya dakika 60 ilikuwa na 30 kila upande, kwa hiyo ilibidi uchague. Tukikumbuka mama zetu wakikaa karibu na redio, kidole juu ya kitufe, mtoto yeyote akikohoa anatolewa nje! Mpangilio ndio uliokuwa na maneno. Kwenye ukumbi wa taarabu mwanamke huinuka kwenda kutuza pale panapofika ubeti wake, na aliyekusudiwa anajijua. Kaseti ilibeba tabia hiyo hiyo, kama kanga na jina lake: hutaji mtu, unaiweka tu dirishani wifi apite. Hatutasema yote yalikuwa mema. Ilipokuja taarabu ya kisasa miaka ya 1990 na mipasho yake, kuna majirani waliacha kuamkiana kwa sababu ya upande mmoja wa kaseti.

Lakini zilizotutoa machozi ni zile "za Maskati". Bibi alisoma chuoni. Herufi za Kiarabu alizijua, za Kizungu hakuzijua, na watoto wa dada yake walikuwa kinyume chake. Barua zake ziliandikwa na mtu mwingine, zikasomwa na mtu mwingine, na siri ya nyumba ikapita midomo minne. Kaseti ilimpa faragha. Upande mmoja aliwapangia nyimbo: mbili za Ikhwani Safaa, moja ya Bi Kidude, kisha kasida. Upande wa pili alisema mwenyewe: nani amezaa, nani kafariki, karafuu zimetokaje, na kwa nini hakuja kwenye arusi ile. Wao wakajibu kwa kaseti. Nyingine walirikodi juu ya ile ile aliyowapelekea, maana kaseti zilikuwa na bei, na ndiyo sababu sauti yake ni chache kuliko zao.

Hata hizo chache hazikusalimika zote. Moja kaka yetu alirikodia mpira. Kaseti ilikuwa na vijino viwili mgongoni. Ukivivunja hairikodiki tena. Bibi hakuambiwa, nasi tulikuwa wadogo.

Siku hizi tunapangiana nyimbo kwa simu, na ni rahisi, mtu wa Dubai anazipata kabla chai haijapoa. Ila simu yenyewe inazichanganya, na wa kwanza hajui kwamba alikuwa wa kwanza.

Katika kumi na nne, tisa zimesikika. Hewa ya bahari imezitia ukungu nyingine, na utepe wa moja umekatika. Kama mnazo, msizicheze kwa pupa: zizungusheni kwanza kwa kalamu, taratibu, mbele na nyuma, na simu iwe tayari inarikodi, kwani huenda ikasikika mara moja tu. Ile ya "asiguse mtu" tuliiacha mwisho. Ina kasida tatu, kisha kimya, kisha bibi anamuuliza mtu, "Hii inashika kweli?" na kwa mbali adhana ya alasiri.