Majibu Bila Njia: Wajibu wa Mtaalamu kwa Umma katika Ukanda wa Dhahabu

Tarehe 24 Mei 2017, Profesa Abdulkarim Mruma, mwanajiolojia, alisoma Ikulu muhtasari wa ripoti ya kamati yake kuhusu makinikia (mchanga wa madini) ya migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, na nchi nzima ikafuatilia. Makontena 277 yalikuwa yamezuiwa Dar es Salaam. Kamati ilisema kila tani ya makinikia hayo ilikuwa na wastani wa gramu 1,400 za dhahabu, ilhali takwimu rasmi zilionyesha takriban gramu 200. Tarehe 12 Juni ikafuata ripoti ya kamati ya mchumi Profesa Nehemiah Osoro. Ni nadra wanazuoni wetu kupata hadhira kubwa kiasi hicho. Makala haya yanadai kwamba hadhira hiyo ilipewa majibu bila njia ya kuyapima, na kwamba mtaalamu anayetoa majibu peke yake hajagawa elimu, bali ameomba aaminiwe.

Tutazame hesabu yenyewe. Kontena likibeba tani 20, gramu 1,400 kwa tani ni kilo 28. Zidisha kwa 277, unapata karibu tani 7.8. Mwanafunzi wa sekondari anaimudu hesabu hiyo. Uzito wote wa hoja umo katika ile 1,400. Muhtasari wenyewe ulitaja viwango kuanzia gramu 671 hadi 2,375, na mpishano mkubwa namna hiyo unadai maelezo: sampuli zilichotwaje, kutoka makontena yapi, zikapimwa na maabara ngapi? Acacia, kampuni iliyoendesha migodi hiyo, iliyakataa matokeo. Mwananchi akabaki kuchagua upande wa kuamini, profesa au kampuni. Julai kampuni ikadaiwa kodi ya dola bilioni 190. Hatimaye Barrick, mwanahisa mkuu wa Acacia, ikakubali kulipa dola milioni 300. Umma haukuwa na nyenzo ya kuelewa namba ya kwanza ilizaaje ya pili.

Watetezi watasema serikali iliyo mezani na kampuni haianiki karata zake. Ni kweli kuhusu mkakati wa majadiliano, lakini namna ya kuchota sampuli si mkakati. Wengine watasema mambo haya ni mazito kwa watu wa kawaida. Wangeenda kwenye maduara (mashimo ya uchimbaji) ya Geita. Huko mchimbaji mdogo hazamishi fedha zake kabla ya kutwanga mawe na kuyaosha kwenye karai, na anajua kwamba jiwe moja linaweza kumdanganya. Tatizo la sampuli analifahamu kwa hasara ya mfuko wake. Angepewa nafasi, maswali yake kwa kamati yangekuwa makali kuliko ya wengi wetu vyuoni.

Shinyanga hiyohiyo ina mfano wa njia nyingine. Mradi wa HASHI, ulioanza 1986 kuirejeshea uoto ardhi iliyochakaa, ulipata nguvu pale wataalamu wa misitu walipojenga juu ya ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho kwa ajili ya kiangazi. Sheria za kuyalinda maeneo hayo zilijadiliwa katika dagashida, mkutano wa jadi ambamo wenyeji walikuwa na sauti yao. Mamia ya maelfu ya hekta yalirudi kuwa na miti, na mwaka 2002 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta. Elimu ilishika kwa sababu wasikilizaji waliweza kuikagua.

Kutokana na hayo, kibali cha utafiti kinachotolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kiwe na sharti: atakayechukua sampuli kijijini arudi na ripoti ya Kiswahili yenye matokeo, njia iliyotumika na mipaka yake, aisome mbele ya mkutano wa kijiji na ajibu maswali. Mkazi wa kijiji cha wachimbaji cha Rwamagasa, Geita, aliyetoa nywele na mkojo vipimwe zebaki anastahili hilo kabla ya jarida lolote. Kamati za serikali nazo zichapishe angalau sura ya njia. Profesa atakayekosolewa na mchimbaji hatapoteza heshima. Atakuwa amepata mhakiki ambaye jarida lisingempa.