Nusukaputi ya kuvuta katika miinuko ya Mlima Kenya

Mgonjwa anayepasuliwa Nyeri na mwenzake anayepasuliwa Mombasa huweza kuvutishwa gesi ile ile, kwa asilimia ile ile, lakini isiwalaze sawasawa. Sababu ni mwinuko wa mahali.

Nusukaputi ya kuvuta huingia mwilini kwa pumzi, kupitia kinyago au mpira uliopitishwa kooni. Hufika mapafuni, ikachukuliwa na damu hadi kwenye ubongo, naye mgonjwa akapoteza fahamu. Operesheni ikiisha, sehemu kubwa yake hutoka kwa pumzi hiyo hiyo. Historia yake yaanzia Oktoba 16, 1846, William Morton alipoonyesha hadharani matumizi ya etha mjini Boston, Marekani. Haloteni ilianza kutumiwa mwaka wa 1956. Baadaye zikaja aisoflureni na sevoflureni.

Kinachomlaza mgonjwa si asilimia ya gesi bali shinikizo lake mapafuni. Mombasa, shinikizo la hewa ni milimita 760 za zebaki. Nyeri, mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, ni takriban 620. Nanyuki, uliopita mita 1,900, ni chini zaidi. Hivyo nitrasi oksaidi ya asilimia 50 hufikisha milimita 380 Mombasa, lakini Nyeri 310 tu, sawa na asilimia 41 ya pwani. Tofauti hiyo ikipuuzwa, mgonjwa aweza kuhisi maumivu au kuzinduka kabla ya kushonwa.

Haloteni, aisoflureni na sevoflureni ni viowevu. Nguvu ya mvuke wake hutegemea joto la dawa, si shinikizo la nje. Kwa hiyo, katika vyombo vya kawaida vya kuvukizia, kipimo cha pwani hufaa pia Karatina au Kerugoya. Anayekiongeza akidhani miinuko huidhoofisha dawa huenda akashusha mno shinikizo la damu ya mgonjwa na kudhoofisha pumzi yake.

Oksijeni nayo ni asilimia 21 ya hewa kila mahali, lakini shinikizo lake Nyeri ni milimita 130 hivi, ilhali pwani ni 160. Aidha, nitrasi oksaidi inapotoka mwilini hujaza mapafu na kuipunguza zaidi. Ndiyo maana mgonjwa anayezinduka katika miji hii hapaswi kuondolewa oksijeni kwa haraka, hata akiwa ameanza kuzungumza.