Shamba la Babu na Chipukizi la Mtende

Ndugu zangu wa ukoo, mlioko Jeddah, Riyadh, Maskati na Unguja,

Wengi mmeniuliza ni kwa nini mtu aliyeshika kalamu miaka 35 katika ofisi ya meli mjini Jeddah aihame nyumba yake uzeeni, akashike jembe Wadi Fatima. Jibu limo katika historia yetu, nami naliandika ili wajukuu walisome.

Mzee wetu wa kwanza alitoka Wadi Hadhramaut, bonde la mitende na nyumba za udongo. Unguja alianza kwa duka dogo, na mwanawe akaja kununua shamba la karafuu. Nasi tulilelewa tukijivuna kwamba “tulikuwa na shamba”. Lakini kumiliki shamba si kujua kulima. Mashamba ya karafuu ya Visiwani yalipandwa na kupaliliwa na watumwa, hadi hali ya utumwa ilipofutwa kisheria mwaka 1897. Baadaye vibarua ndio waliopanda juu ya mikarafuu, na wazee wetu wakahesabu magunia. Yalipotokea Mapinduzi ya Januari 1964, na ardhi ikaanza kugawiwa eka 3 kwa kila familia, tulipoteza mali. Ujuzi hatukuwa nao hata tukaupoteza.

Jeddah, mji tuliokimbilia, hauna mto. Watu wake wa zamani walinywa maji ya mvua yaliyowekwa birikani, kisha na maji ya bahari yaliyosafishwa kwa mtambo ulioitwa kindasa. Mwaka 1947 Mfalme Abdulaziz alileta kwa mabomba maji ya Wadi Fatima, bonde ambalo tangu hapo lilikuwa likiulisha mji mboga na matunda. Ukuta wa mji ukavunjwa mwaka huohuo, mji ukatanuka. Na kadiri ulivyokunywa, chemchemi za bondeni zikakauka moja baada ya moja.

Riyadh nayo, ambayo jina lake maana yake ni bustani, iliishi kwa visima vya Wadi Hanifa. Ngamia au ng’ombe alishuka mteremko akivuta kamba iliyopita juu ya kapi, na ndoo ya ngozi ikapanda kutoka kisimani. Mnyama alichoka, kamba ilikatika. Kwa hiyo hakuna aliyepanda zaidi ya alichoweza kukinywesha.

Pampu ziliondoa mpaka huo. Mwaka 1979 serikali iliahidi kununua ngano kwa riyali 3,500 kwa tani, bei iliyoizidi mara kadhaa ile ya soko la dunia. Mwaka 1984 nchi ilijitosheleza, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 mavuno yalifika takriban tani milioni 4, nyingine zikauzwa nje. Lakini sehemu kubwa ya maji hayo ilikuwa ya kale, yaliyokaa miambani maelfu ya miaka, wala mvua haiyarudishi. Huko Al-Kharj, kusini-mashariki ya Riyadh, mashimo ya chemchemi zilizokuwa zikifurika ni makavu. Mwaka 2008 serikali iliamua kupunguza ununuzi wa ngano hatua kwa hatua, ukakoma mwaka 2016.

Hayo niliyasoma magazetini nikayaona ni ya wakubwa, mpaka nilipoyarudia mwenyewe. Shemeji yangu aliponipa kipande cha shamba lake bondeni, nilipanda nyanya na kuzimwagia maji mchana na jioni, kidogo kidogo. Chumvi ikapanda juu ya udongo kama unga, nyanya zikafa. Nikazika kokwa za tende bora nilizozinunua Madina, nikingoja mitende.

Aliyenicheka kwa adabu ni kibarua wa shamba la jirani, mzaliwa wa Wadi Hadhramaut, bonde lilelile tulilolihama. “Ami,” aliniambia, “mtende wa kokwa hujui utazaa nini. Takriban nusu ni madume, na majike hayatoi tunda la mama yao. Mtende hurithishwa kwa chipukizi.” Akanionyesha chipukizi lililoshikamana na shina la mama, lenye mizizi yake mwenyewe. Akanifundisha kulikata bila kulijeruhi, kuweka maua ya mtende dume ndani ya maua ya jike, kupanda mboga kivulini, na kutoa maji mengi kwa nafasi, alfajiri, ili chumvi ishuke chini.

Yule bwana halimiliki hata shimo moja la mtende. Mimi, mjukuu wa mwenye shamba, nimekuwa mwanafunzi wake nikiwa na mvi, nami nimemwandikisha mjukuu wangu kwake kila Ijumaa baada ya swala.

Mwisho wa joto tutakata machipukizi 3. Atakayetaka moja katika ukoo na aje mwenyewe na jembe lake, asitume mtu.

Wassalaam.