Beatles, Queen au Nirvana? Hizi ndizo bendi za rock zilizobeba kila muongo

Ukiuliza mashabiki wa rock bendi ipi ni kali kuliko zote, ubishi hauishi. Bora kuzigawa kwa miongo.

Miaka ya 60 haina mjadala: The Beatles, vijana wanne wa Liverpool.

Miaka ya 70 ndipo kazi inapoanza. Led Zeppelin walikuwa wazito kwenye gitaa, ila nafasi ni ya Queen, na si kwa sababu tu Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Mwaka 1975 walitoa Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika 6 usio na kiitikio, ukakaa namba moja Uingereza wiki 9. Mercury alipofariki Novemba 1991 kwa maradhi yatokanayo na Ukimwi, ukarudi tena namba moja.

Miaka ya 80 wapewe U2, twende mbele.

Miaka ya 90 ni Nirvana. Nevermind ilitoka Septemba 1991, na Januari 1992 ikaing'oa Dangerous ya Michael Jackson kileleni mwa chati ya albamu ya Billboard. Kurt Cobain alifariki Aprili 1994 akiwa na miaka 27, bendi ikiwa na albamu 3 tu za studio. Wapo wanaosema 3 hazitoshi kuwapita Radiohead. Zinatosha kabisa.

Miaka ya 2000? Linkin Park, hata kwa Hybrid Theory peke yake.