Kabla ya cherehani kulikuwa na mbiru: wanawake wa Upare na haki ya kipato

Mwaka 2025 Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilitimiza nusu karne. Historia yake huanza kusimuliwa kwa Mwalimu Nyerere, aliyevutiwa na vyuo vya watu wazima vya Sweden akaanzisha vya kwetu mwaka 1975. Kwa Upare inafaa tuanze mbali zaidi.

Milima ya Upare ilikuwa na mafundi wake tangu zamani. Ugweno, ukoo wa Washana ulisifika kwa kufua chuma, na Usangi wanawake walifinyanga vyungu. Wamisionari wakaja na shule. Waadventista walifungua kituo chao Giti, Mamba, mwaka 1903. Katika shule za kikoloni msichana alifundishwa zaidi kutunza nyumba. Fedha ilihesabiwa kuwa shughuli ya mwanamume.

Wanawake wenyewe hawakukubali hesabu hiyo, na ushahidi ni mbiru, mgogoro wa kodi wa zama za ukoloni. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria mzaliwa wa Upare, aliandika kitabu kizima juu ya mgogoro huo, naye mtafiti Mmarekani Jean O'Barr akaeleza nafasi ya wanawake ndani yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta kodi ya nyongeza, iliyoitwa mbiru, iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Watu waliona makadirio hayo ni dhuluma. Mwaka 1945 wanaume kwa maelfu waliteremka hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi na kukataa kurudi milimani mpaka kodi ifutwe. Huku nyuma mashamba, mifugo na watoto vilibaki mikononi mwa wake zao.

Mgogoro ulipozidi kurefuka, wanawake kwa mamia wakajitokeza. Walimtaka Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, amalize jambo hilo ili waume zao warudi nyumbani. Akishindwa, basi awatie mimba wote yeye mwenyewe. Hebu fikiria akina mama wa Kipare wa zama zile wakitamka hayo mbele ya Mwingereza mwenye askari! Usangi mambo yalichacha hadi mawe yakarushwa. Kufikia 1947 mbiru ilikuwa imezikwa. Nasikitika kwamba watoto wengi wa Same na Mwanga, wilaya za Upare, humaliza shule bila kuwasikia bibi zao hawa.

Baada ya uhuru mambo ya elimu yalikwenda haraka: sera ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, Azimio la Musoma mwaka 1974, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, VETA, mwaka 1994. Lakini vituo vya ufundi vya baada ya darasa la saba viliwapa wavulana useremala na uashi, wasichana wakapewa tena maarifa ya nyumbani. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba waliokatizwa masomo kwa ujauzito wanaweza kurudi shuleni. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilikuwa vimeshaanza kuwapokea kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaounganisha masomo ya sekondari na ufundi, huku watoto wao wakilelewa chuoni.

Katika vyuo hivi, anayeanza ushonaji hupewa kwanza karatasi iliyochorwa mistari na cherehani isiyo na uzi. Hukanyaga pedali, sindano ikitoboa juu ya mstari, mpaka mguu na mkono vipatane. Kona ndiyo humtoa jasho. Vitambaa huja baadaye, kisha kola, kisha sare za shule, ambazo kila Januari zina wateja.

Shida huja akimaliza. Binti anarudi Vudee au Gonja na cheti, bila cherehani. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambamo 4 ni za wanawake na 4 za vijana, ilisitishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka uliofuata, lakini hutolewa kwa vikundi, naye amerudi kijijini peke yake. Halmashauri za Same na Mwanga zinaweza kuwaunganisha wahitimu hawa kabla hawajatoka chuoni, wakaondoka wakiwa kikundi kilichosajiliwa na ombi la mkopo likiwa tayari mezani.